Mpaka Wetu na Waliotangulia

Digna alikuwa barazani anamenya ndizi za mtori pale usingizi ulipomchukua, kisu kikiwa bado mkononi. Usingizi wa mchana wa Shirimatunda hauna adabu hata kidogo, haubishi hodi wala hausubiri mtu amalize kazi yake. Akaota barabara. Ilikuwa nyeupe na pana, imekata katikati ya migomba na mibuni, na mwisho wake Mlima umesimama wazi, barafu yake karibu kiasi cha kuiwekea mkono. Katikati ya barabara hiyo alisimama Eva, ana miaka yake ileile tisa, gauni lake lileile la kitenge, anafagia.

"Mama," akauliza bila kuinua kichwa, "gari linakuja?"

Digna alitaka kujibu lakini ulimi ulikuwa mzito kama wa mtu aliyekunywa mbege ya jana. Kisu kikaanguka sakafuni, naye akazinduka. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu hadi miguuni. Kuku wawili walikuwa wanagombania maganda. Ndizi zilizomenywa zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi, na yeye mwenyewe moyo ulikuwa unamwenda mbio, maana barabara ile aliijua. Alikuwa ameiona asubuhi ya siku hiyo, imechorwa kwa wino mwekundu, imebandikwa ukutani kwenye ofisi ya kata.

Mchoro wa mipangomiji ulikuwa umesubiriwa kwa hamu kuliko mvua. Kwa miaka mingi watu walikuwa wamejenga kila mtu anavyojua, huyu kamgeuzia mwenzake mgongo, yule kaweka choo mbele ya mlango wa jirani, na njia za kupita zikabaki za kupishana kwa ubavu. Mgonjwa alibebwa. Jeneza lilibebwa. Hata kabati la harusi lilivuliwa milango ndipo lipite. Kwa hiyo diwani wao, Thadeus, alipokuja na mpango wa kupima mtaa mzima na kumpa kila mtu hati yake na barabara ya mita sita mlangoni, Digna alikuwa wa kwanza kujiandikisha kwenye kamati. Na uchaguzi ulipokaribia, alivaa kanga ya kampeni akazunguka nyumba kwa nyumba kumwombea Thadeus kura. Mgombea wa upande wa pili, Pamela, alikuwa akimwaga sera moja tu, kwamba akipita, mchoro huo ataupeleka jikoni ukawashie moto, maana hataki kuona nyumba ya mtu hata moja inaguswa. Digna alimwona hana akili. Mtu anayekataa barabara hajawahi kumbeba mtoto mgonjwa.

Yeye alikuwa amembeba. Miaka ishirini na sita iliyopita, msimu wa mvua za masika, Eva alishikwa na homa asubuhi, mchana akawa hawezi kusimama. Mumewe, Fabian, alimtia mgongoni, wakashuka naye kwenye kinjia cha matope kuelekea barabara kuu, Digna nyuma anamkinga na jani la mgomba. Gari lilikuwa limeahidiwa kufika, na halikuweza kupita. Njia nzima mtoto alikuwa anauliza kama gari linakuja, na wao wanamwambia linakuja, linakuja. Kabla hawajafika lami akaacha kuuliza.

Mvua zile zilikuwa zimevunja daraja la kwenda Kibosho, kwenye kihamba cha wakwe zake, shamba la ukoo, ambako ndiko angezikwa. Wakamzika hapohapo Shirimatunda, kati ya mibuni. Fabian hakutaka zege lipigwe juu ya mtoto. Akapanda masale kulizunguka kaburi, kama ilivyo desturi, na masale yakashika, yakarefuka, yakazaana, hata mgeni akipita leo haoni kaburi. Anaona mstari wa masale mabichi, mnene, unaopendeza macho.

Na huyo mgeni alikuwa amepita. Jina lake Ezra, mpima kijana kutoka Mwanza, mpole, amesomea kazi yake vizuri, macho yote kwenye mashine. Digna ndiye aliyemtembeza, kama mjumbe wa kamati. Walipofika penye masale Ezra aliuliza yale majani ni ya nini. Swali dogo tu. Lakini kuna maneno ambayo mama hayasemi hivihivi mbele ya mtu aliyeshika kalamu. Digna akajibu kwa mkato, kwa heshima, kama wanavyojibu watu wa kwao:

"Ni mpaka wetu na waliotangulia."

Ezra alisikia neno mpaka tu. Huko kata za pembezoni alikuwa ameshafundishwa kwamba Wachagga wakipanda masale, hapo ndipo shamba la mtu linapoishia. Waliotangulia akawachukulia kuwa ni majirani waliowahi kufika. Akaangalia ng'ambo ya masale, akaona safu ya vyumba vya kupanga vya mzee Kastori, akasema, kumbe mnapakana nao hapa. Digna, mawazo yake yakiwa mbali, akamwambia wanapakana kila siku. Kijana akaandika. Na kwa kuwa kanuni ya upimaji ni kwamba barabara ifuate mpaka, kila jirani akatwe mita tatu ili asionewe mtu, mstari mwekundu ukapita juu ya Eva.

Ndiyo maana asubuhi ile Digna aliutazama mchoro mpaka herufi zikaanza kuogelea. Kulia kwa mstari, vipande vyote viliandikwa jina la Kastori: mibuni yake Digna, na hata karakana ya Fabian, ambayo ilikuwa imejengwa imeegemea vyumba vya Kastori na kufungwa kufuli tangu mwenyewe afariki miaka minne nyuma. Chini kabisa palikuwa na maandishi kwamba mwisho wa kupokea pingamizi ni Ijumaa. Ilikuwa Jumanne. Uchaguzi ulikuwa Jumatano ya wiki inayofuata.

Thadeus alimsikiliza kwa adabu zote. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kampeni tu, na mtu wa kampeni husikiliza kwa sikio moja huku la pili likihesabu. Alimweleza Digna kwamba makaburi huhamishwa kwa heshima, padri huitwa, sanduku jipya hununuliwa, halmashauri hugharamia. Digna akamwambia huyo si wa kuhamishwa, alishabebwa mara moja na inatosha. Basi, akasema Thadeus, barabara ifuate mpaka wa kweli. Uko wapi?

Hapo Digna akashika tama. Mpaka wa kweli aliujua vizuri mno. Ulikuwa umepita ndani ya karakana ya Fabian.

"Ukifuata huo," Thadeus akasema polepole, baada ya kuelezwa, "unabomoa karakana ya marehemu, na vyumba viwili vya Kastori. Ana wapangaji wanane pale, Mama Eva, watu wa viwandani, na wote wana kadi za kura. Na huu mchoro ulivyo, Kastori amefurahi, amepewa hata asichoomba. Subiri tupite uchaguzi, ndipo tukae tuongee."

"Baada ya Ijumaa kutakuwa na cha kuongea?"

Mheshimiwa akaangalia saa yake, akasema ana mkutano Majengo.

Siku mbili zilizofuata Digna alitembea kama mtu aliye ndani ya maji. Alikoroga uji akasahau moto. Alikwenda kuchota maji mferejini akarudi na ndoo tupu. Kila alipoketi, barabara nyeupe ilikuja na kujitandaza mbele yake, na Eva anafagia, anafagia, vumbi lisiloonekana, na sauti ya injini inasikika mbali sana nyuma ya Mlima. Mara moja aliota kwamba watu wote wa mtaa wanapita juu ya barabara hiyo wamevaa nguo za Jumapili, wanamwamkia kwa furaha, shikamoo Mama Eva, shikamoo Mama Eva, na kila anayesema jina hilo anakanyaga palepale. Aliamka analia, na hakuona haya kulia.

Kilichomkaba ni kwamba njia ya kutokea ilikuwa moja tu. Fomu ya pingamizi ilidai sahihi mbili, yake na ya jirani wa mpakani. Na Kastori na Digna hawakuwa wamesemezana kwa miaka kumi na tisa.

Ugomvi wenyewe ulikuwa hivi. Masale ya kwenye kaburi la Eva hayakutoka porini. Alfajiri ile ya msiba, Fabian alichukua jembe akaenda kung'oa yaliyokuwa karibu, na yaliyokuwa karibu ni ya mpakani, kati yake na Kastori, yaliyopandwa na wazee zamani. Aliyang'oa yote akampelekea mwanawe. Miaka saba baadaye alijenga karakana ya useremala, na alipochimba msingi akavuka hatua mbili nzima upande wa pili. Kastori alipolalamika, Fabian alimjibu kwa kiburi: nionyeshe mpaka. Mpaka haukuwepo. Wazee wa mtaa waliitwa, pombe ikanywewa, hawakuafikiana. Tangu hapo, hata kwenye misa ya jumuiya, padri aliposema watakiane amani, Kastori aligeuka kumtakia amani ukuta na Digna akainama kutafuta rozari ambayo haikuwa imeanguka.

Na Digna alijua. Hilo ndilo lililokuwa linamchoma. Alikuwa amesimama palepale Fabian anavuta kamba ya msingi, akaona inavuka, akanyamaza, kwa sababu mwanaume yule alikuwa hajacheka tangu mtoto afe, na karakana ilikuwa kitu cha kwanza alichokitaka. Nani angemkatalia hatua mbili?

Alhamisi jioni alichukua ufunguo akafungua kufuli. Ndani mlikuwa na harufu ya mbao za mkongo na gundi. Randa ilikuwa juu ya meza, na chini yake maranda yamejikunja vilevile kama yalivyoanguka mara ya mwisho. Ukutani Fabian alikuwa ameandika vipimo kwa penseli, vya milango na vitanda vya watu, na kwenye kona moja, kuanzia chini karibu na sakafu, kulikuwa na mistari midogo iliyopandana. Hivyo vilikuwa vipimo vya urefu wa Eva. Lakini Eva alikuwa amekufa kabla karakana haijajengwa. Digna alipiga magoti akaangalia vizuri. Fabian alikuwa amehamisha vipimo vile kutoka mlango wa nyumba ya zamani, kwa kukumbuka, na hakumwambia mtu. Akakaa kwenye maranda muda mrefu. Alimpenda Fabian wakati huo kuliko siku aliyoolewa naye, na akajua vilevile kwamba ukuta ule utabomolewa na ni yeye atakayeubomoa.

Ijumaa asubuhi, umande haujakauka, alikwenda kwenye mibuni akakata jani moja la isale. Akalifunga fundo. Kwao, mtu akikujia na isale lililofungwa fundo anaomba msamaha, nawe ukishaliona huna ruhusa ya kumfukuza, hata kama alikuulia ndugu. Vijana wa siku hizi wanalitumia kupambia kumbi za harusi. Digna alilishika kwa mikono miwili akaenda kwa Kastori kupitia njia ya mbele, ya wageni, si ya uani.

Kastori alikuwa anawakatia ng'ombe majani. Mzee mwembamba, sweta la sufu mwaka mzima. Alimwona Digna, akaliona jani, akaweka panga chini.

"Umelitoa wapi hilo?"

"Kwa Eva."

Kastori hakulipokea mara moja. Digna akaanza kusema, na maneno yaliyokuwa yamekaa miaka kumi na tisa yakatoka bila mpangilio. Alisema kamba ilivuka. Alisema aliiona ikivuka. Alisema Fabian alikuwa mwizi wa hatua mbili na yeye mke wake alikuwa shahidi aliyekaa kimya, na kwamba leo kwenye mchoro Kastori amepewa zaidi ya hatua mbili, amepewa mibuni yote na karakana juu, na sheria iko upande wake, na yeye Digna hana la kudai. Anachoomba ni sahihi. Barabara irudi penye mpaka wa kweli, karakana ivunjwe, na vyumba viwili vya Kastori, ambavyo hana cha kumlipa kwavyo, vivunjwe pia.

Kastori alitazama Mlima, ambao haukuwepo, palikuwa na ukungu mtupu.

"Masale yale aliyapanda baba yangu," alisema. "Asubuhi ile nilimwona Fabian akiyang'oa. Nilikuwa nimesimama hapa hapa, na jembe langu mkononi."

"Uliona?"

"Niliona yote. Ningemwambia nini mtu anayemtafutia mwanawe masale? Nilirudi ndani nikamwambia Mama Stella asitoke, ili Fabian asije akajisikia vibaya kwamba ameonwa." Akapangusa mikono yake kwenye sweta. "Nilichokasirikia si hatua mbili, Mama Eva. Ni kule kuniambia nimwonyeshe mpaka, wakati anajua nilimwachia mpaka wangu amzikie mtoto."

Digna akasema pole. Kastori akalipokea jani, akalichomeka kwenye tundu la sweta, upande wa moyo, bila kufikiri analiweka wapi. Akauliza kama ana kalamu. Hakuwa nayo. Wakatafuta nyumba nzima, mzee na mkewe na Digna, mpaka mpangaji mmoja akatoa ya kwake.

Walikwenda ofisi ya kata pamoja, kwa miguu, na watu waliowaona wakaacha walichokuwa wanafanya. Gladys wa genge alisahau kumrudishia mteja chenji. Mtendaji wa kata alizisoma sahihi zile mara mbili, akawaangalia, akagonga muhuri.

Thadeus alipita kwenye uchaguzi kwa tofauti ya kura chache sana, na kwa wiki mbili alipomwona Digna alikumbuka shughuli upande mwingine. Baadaye akasahau kununa, akaanza kusimulia mikutanoni jinsi alivyowapatanisha wazee wawili wa mtaa wake. Digna alimwacha asimulie. Kastori aliwaita wapangaji wake, wawili waliokuwa kwenye vyumba vya kuvunjwa akawapa chumba cha mwanawe Stella aliyeko Arusha, mpaka ajenge vingine. Walinung'unika kidogo, wakahama.

Karakana Digna aliivunja mwenyewe akisaidiwa na mafundi. Alitoa randa, misumeno, meza. Kona ile yenye mistari midogo hakuipigia nyundo. Fundi aliikata kwa uangalifu, ikatoka kipande cha ukuta chenye ukubwa wa dirisha, wakambebea hadi sebuleni.

Ezra alirudi kupima upya. Alikuwa ameambiwa ofisini, na alikuja akiwa amenywea, hajui aanzie wapi kuomba radhi. Digna akampa kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, ale kwanza. Walipofika kwenye masale, kijana aliweka mashine chini kabisa, akashika daftari.

"Mama, naomba nisikosee tena. Hapa niandike nini?"

"Andika Eva."

Akaandika. Kisha akainua kichwa, akamtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. "Wiki nzima ile nilikuwa nakuita Mama Eva," alisema. "Sikuuliza hata siku moja Eva yuko wapi."

"Hukukosea peke yako, mwanangu. Na mimi nilikuwa nimesahau kusema."

Mvua za vuli zikapita. Greda lilikuja likakwangua, likaondoka, na barabara ikabaki nyekundu, wala si nyeupe kama ya ndotoni, imenyooka kutoka lami hadi penye migomba ya juu. Masale ya Eva yalikuwa kando yake, hatua kumi hivi, yanatikisika kwa upepo. Kastori alikuja siku moja na miche akapanda mstari mpya pembeni ya barabara, upande wake na upande wa Digna, na hakuomba msaada.

Mchana mmoja Digna alikuwa barazani anamenya ndizi, macho yakaanza kuwa mazito. Eva akaja na ufagio wake. Safari hii hakuwa katikati ya njia, alikuwa pembeni, chini ya majani, amekaa kama mtu aliyemaliza kazi. Akauliza swali lake.

Digna akasikia injini, akafumbua macho, na sauti haikwenda na ndoto. Lori la kifusi lilikuwa linapanda taratibu, la kwanza kupita pale tangu dunia iumbwe, vumbi nyuma yake, dereva ametoa mkono dirishani. Digna alisimama, ndizi zikamwagika kutoka mapajani. Akatembea hadi kwenye mibuni, akainama, akaweka mkono kwenye masale.

"Limekuja, mama," akamwambia. "Gari limekuja."

Alikaa hapo mpaka lori likazima. Kisha akaenda kumchotea dereva maji ya kunywa.